Kijerumani cha Dukani

Kijerumani cha kwanza nilichofundishwa ni cha kuomba sabuni. Sikufundishwa kusema jina langu wala ninakotoka, mambo ambayo nasikia ndiyo watu wanaanzia siku hizi. Mwenye Duka alinisimamisha mlangoni mwa duka lake, barabara ya kumi na moja, Ngamiani, akanipa kikapu, akaniambia niingie kama mtu aliyetumwa sabuni na mama yake. Nikaingia, nikasema, "Haben Sie Seife?" Yeye nyuma ya kaunta akazitazama rafu zake, tupu kutoka chini hadi darini, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akajibu, "Leider nicht." Maana yake, kwa bahati mbaya hatuna. Jibu hilo ndilo tulilolitumia kuliko maneno mengine yote, kwa kuwa miaka ile Tanga nzima ilikuwa haina kitu.

Kila mtu wa mtaa ule ana kisa chake cha Mwenye Duka, na karibu vyote ni vya kuchekesha. Mimi pia ninavyo, na nimevisimulia arusini na matangani mpaka nimevichoka. Kimoja tu sijawahi kukisimulia. Nilikuwa nikiwahi kusimulia vile vingine ili watu wasiniulize hicho.

Kwa sura alikuwa Mhindi kama Wahindi wengine wa Tanga wenye maduka: mwembamba, kofia ya kufuma, miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kisogo. Kwa ulimi alikuwa mtu wa Kigombe. Alikaa huko miaka mingi akinunua mbata, na Kimtang'ata chake, Kiswahili cha pwani ile, kilimshinda bibi yangu. Akitusikia sisi watoto wa mjini tukivuruga maneno, alituuliza kama Kiswahili nacho tunakipata kwa kuponi.

Kila asubuhi alifungua milango yote ya duka, akapangusa rafu tupu kwa kitambaa kibichi, kisha akapanga makopo matupu ya kakao, ya maziwa na ya biskuti, majina yakitazama mbele. Wenzake wa barabara ile walikuwa wameshafunga, na wengine wameondoka kabisa. Nilimuuliza siku moja anamfungulia nani. Akasema mlango ukifungwa siku tatu unavimba, na yeye hana nguvu za kupiga randa.

Hakuwa mpole. Nataka hilo lieleweke, maana watu wakishazeeka tunawapaka asali. Alikuwa na hasira za karibu, alikuwa bahili wa mafuta ya taa, na alidanganya kwenye mchezo wa dama mchana kweupe. Ukimkamata, alisema macho yako ndiyo mabovu. Alifunga saumu Jumatatu na Alhamisi, na siku hizo hizo ndizo alizotukana zaidi. Mkewe alisema afadhali asifunge, apumzishe malaika wanaoandika.

Kijerumani alikiokota kwenye kaunta ya mjomba wake, hapa hapa mjini, kabla ya vita ya pili ya dunia, wakati Wajerumani wa mashamba ya mkonge waliposhuka na wake zao kununua vitu vya mwezi mzima. Hakuwahi kufika Ujerumani. Hakujua kukisoma Kijerumani chenyewe. Maneno aliyaandika kwa herufi za Kigujarati katika daftari lenye jalada la kitambaa. Alijua majina ya vifungo vya aina saba, ya nyuzi, mishumaa, siki, mafuta ya taa na unga wa namna mbili. Kusema "ninaogopa" hakujua, wala "ninakupenda". Ukimuuliza neno la mashine au la umeme alijibu, "Hilo halikupita kaunta, binti," na mjadala ukaishia hapo.

Aliwasifu wake wa Wajerumani wale kwa kujua wanachokitaka kabla hawajaingia dukani. Dakika hiyo hiyo angekusimulia jinsi mmoja wao alivyomsimamisha mvuani, mzigo kichwani, mpaka mbwa aamke, kwa kuwa mbwa alikuwa amelala mlangoni. Mambo hayo mawili aliyasema kwa sauti ile ile. Nilikuwa nikingoja aseme lipi alilimaanisha, na hakusema.

Sababu ya mimi kujifunza ilikuwa hii. Nilikuwa mhudumu wa maabara katika hospitali moja mjini. Ikaja nafasi ya kwenda Ujerumani miaka miwili kusomea utengenezaji wa mashine za hospitali, nafasi moja tu, na sharti lake lilikuwa kwamba mhandisi wao akija baada ya miezi sita, mwombaji aweze kuzungumza naye mazungumzo ya kawaida kwa lugha yake. Waombaji tulibaki wawili, mimi na Zakaria, fundi umeme wa hospitali, Msambaa Mlutheri kutoka Maramba, aliyepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwalimu wa lugha hiyo hatukumjua mwingine mji mzima ila Mwenye Duka. Tukamwendea siku moja, kila mtu kwa siri yake, tukakutana mlangoni.

Akatukubali wote wawili, bila ada. Tukawa tunakaa pamoja juu ya sanduku la mbao la majani ya chai, bega kwa bega, tukigombea nafasi moja. Tulipendana kama ndugu, na nina hakika kila mmoja wetu alimwombea mwenzake homa siku ya usaili.

Somo lilianza saa kumi, baada ya sala ya alasiri. Vikapu vilikuwa lazima, kwani alisema mtu aliyekuja mikono mitupu hawezi kuzungumza dukani kwa moyo. Ukiingia bila kusema Guten Tag, au ukilisema huku unatazama chini, aliinua kidole. "Toka. Ingia tena." Zakaria siku moja alitoka na kuingia mara tisa, shati limemganda mgongoni, na mara ya tisa alipokelewa kama balozi wa nchi. Baada ya salamu unaomba: chumvi, sindano, mshumaa. Yeye anasikitika, anasema hakuna, kisha anauliza, "Noch etwas?", kitu kingine? Nawe lazima utaje kitu kingine, ambacho nacho hakipo. Tulilinunua duka zima kwa namna hiyo. Nilirudi nyumbani na kikapu kitupu na hamu ya vitu nilivyokuwa nimekwisha kuvisahau.

Nyuma ya pazia alikaa mkewe, tuliyemwita Bi Mkubwa. Alikuwa na pumu, na siku za upepo pumzi yake tuliisikia mpaka kaunta. Kijerumani hakukijua, lakini kwa kusikia kila siku alijua lini tumekosea, akakohoa. Kikohozi cha pumu na kikohozi cha makosa vilikuwa mbalimbali, na baada ya mwezi tulivitambua vyote viwili. Somo likiisha alituletea chai ya tangawizi isiyo na sukari, akatwambia, "Kunyweni wanangu, muisahau hiyo sukari mliyoiomba." Mwenye Duka, ambaye hakuchekeshwa na mtu yeyote, alicheka hapo kila siku, kwa maneno yale yale.

Sasa nifike kwenye sanduku. Tulilikalia zaidi ya mwezi bila kujua mna nini. Siku moja, katikati ya somo, mtu alibisha, akasema barazani kwa sauti ya chini kwamba mzee wa barabara ya kumi na mbili amefariki. Mwenye Duka alimwacha huko huko nje, akarudi, akatwambia tuinuke. Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na jora la bafta nyeupe, safi, limefungwa gazeti. Akamuuliza aliyeko nje, "Mrefu au mfupi?" Akapima kwa mkono wake, akakata vipande vitatu, akavikunja, akavipeleka barazani. Miaka ile mitaa mingine watu walizikwa na mapazia na magunia ya unga yaliyofuliwa. Katika mtaa wetu hakuna aliyezikwa hivyo, nami nilikuwa sijajiuliza kwa nini.

Alipomaliza akatutazama mmoja mmoja.

"Mmeona?"

"Tumeona, Babu."

"Hamkuona."

Tukakaa tena juu ya sanduku, naye akauliza, "Noch etwas?" kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jora lile halikuwa la walio hai. Bibi arusi mmoja alikuja na mama yake, wakalia mbele ya kaunta, akawajibu Leider nicht yake, kwa Kiswahili, na akawapa viti. Kwa maiti hakubagua. Mama mkubwa wa Zakaria alipofia hospitalini, Mwenye Duka alikata pia, akauliza tu, "Kwenu Walutheri huwa vipande vingapi?" Mwenye chochote alileta baadaye, asiye nacho hakuulizwa. Wafiwa walijua kwamba anacho kitambaa. Mahali kilipo tulipajua wanne: yeye, Bi Mkubwa, Zakaria na mimi.

Ilikuwa siri ya hatari. Mwaka ule serikali ilikuwa imewatangazia vita walanguzi, na mtu aliyekutwa na katoni ya sabuni chini ya kitanda aliondoka nyumbani kwake juu ya gari la wazi, majirani wakitazama. Jora zima la kitambaa lililofichwa sandukuni, dukani kwa Mhindi, hakuna ambaye angengoja kusikia ni la nani.

Na sisi wenyewe, kwa ujinga wetu, tukamletea macho ya watu. Fikiria: kila siku saa kumi watu wawili wenye vikapu wanaingia katika duka tupu, wanasikika wakizungumza lugha ya siri, wanatoka baada ya saa nzima. Miaka ile ukisimama mahali kufunga kiatu unageuka nyuma unakuta foleni. Siku moja tulitoka tukakuta watu kama arobaini barazani, mawe na matofali yamepangwa kuwashikia nafasi waliokwenda kuchota maji.

"Ni sukari au ni sabuni?" mama mmoja akaniuliza.

"Ni masomo, mama."

"Haya, masomo. Wanagawa kilo ngapi kwa mtu?"

Mwenye Duka alitoka akawaeleza kwamba hana kitu, ni Kijerumani tu. Hawakuondoka. Mtu akasema kama ni Kijerumani basi na wao wafundishwe, hawana haraka. Zakaria akafanya kosa la kucheka, na hapo ndipo walipohakikisha kwamba wanafichwa kitu. Kesho yake uvumi ukaenea kwamba ukilisema neno sawasawa unauziwa. Wakawa wanaingia mmoja mmoja, watu wazima na heshima zao, wanainama kwenye kaunta, wananong'ona, "Haben Sie Seife?" Naye aliwajibu wote, na waliokosea matamshi aliwatoa nje waingie tena. Mimi nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Bi Mkubwa hakucheka. Nilimsikia nyuma ya pazia akimwambia mumewe, "Wafukuze. Watatuletea watu." Yeye akajibu kwamba hajawahi kumfukuza mteja.

Uvumi ukamfikia balozi wetu wa nyumba kumi, mwanamke wa makamo tuliyemwita Mama Balozi. Sitaki kumfanya shetani. Alikuwa na orodha ya walanguzi ya kupeleka juu na alikuwa anaogopa waliomzidi, kama sisi tulivyomwogopa yeye. Lakini bila barua yake ya tabia njema hupati pasi ya kusafiria, na bila pasi hakuna Ujerumani. Mimi na Zakaria tulikuwa tumeiomba barua hiyo katika wiki moja.

Alimwita Zakaria kwanza. Zakaria aliniambia mwenyewe jioni ile, tukiwa tumesimama bombani. Aliulizwa kuna nini katika lile duka, akasema kuna makopo matupu, ameyahesabu, ni thelathini na moja. Akaambiwa barua yake itangoja.

"Itangoja mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka nikumbuke vizuri," akasema. Akacheka kidogo, akabeba ndoo yake.

Mimi niliitwa siku iliyofuata. Mama Balozi alikuwa barazani kwake anachambua mchele, karatasi na kalamu viko kando yake juu ya mkeka. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri, akanikaribisha kukaa.

"Mwanangu, mimi nakuandikia barua hii sasa hivi," akasema. "Lakini naandika tabia njema. Tabia njema ni kuisaidia nchi yako. Wewe unaingia mle kila siku. Niambie."

"Hamna kitu mle, Mama."

"Na maiti za mtaa huu zinavishwa nini? Nani anazivisha?"

Akaendelea kuchambua mchele. Nikaiangalia ile karatasi nyeupe, nikaiona ndege, nikaona Zakaria akipanda badala yangu, ingawa Zakaria alishakosa barua na mimi nilijua. Kisha nikasema, na nilijiambia kwamba ninamtetea mzee: "Si cha kuuza, Mama. Ni cha maiti tu. Anakata bure."

"Kiko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Kwa miaka mingi nimejaribu kujikumbusha kwamba nililazimishwa, lakini hapakuwa na mtu aliyenishika mkono, na mchele ulikuwa ukichambuliwa polepole tu. Nikasema, "Katika sanduku la chai." Mama Balozi akapangusa vidole vyake kwa kanga, akaandika barua, akanipa.

Walikuja kesho yake, saa kumi na robo, tukiwa tumekaa juu ya sanduku. Mgambo wanne, Mama Balozi mbele. Sikuwa nimefikiri kwamba watakuja wakati wa somo. Nilidhani labda asubuhi, nikiwa kazini, nisione. Mama Balozi akasema, "Inukeni." Zakaria akainuka. Mimi nikabaki nimekaa, Zakaria akanishika kiwiko akaniinua. Hawakugusa rafu hata moja. Hawakufungua debe wala hawakuingia nyuma ya pazia. Walifungua sanduku, wakalitoa jora, wakalifungua gazeti ili mtaa uone, na mtaa ukaona.

Mwenye Duka hakubishana. Alivaa viatu, akafunga miwani yake vizuri, akamwambia mkewe asisahau dawa. Mlangoni alinitazama mimi, kisha Zakaria, kisha sanduku. Wakampandisha garini. Zakaria naye alinitazama, na tangu siku ile hakunisemesha Kijerumani wala Kiswahili.

Bi Mkubwa alifariki wiki ya tatu mumewe akiwa rumande. Ulikuwa upepo mkali wa kusi, dawa ya pumu haikupatikana mji mzima, na nyumba ilikuwa kimya. Wanawake wa mtaa walikuja kumwosha, na wengi wao ni watu ambao waume zao na mama zao walikatiwa bafta katika duka lile. Bafta hatukuwa nayo. Alihitaji vipande vitano. Mmoja akaleta shuka la harusi yake, mwingine kipande cha pazia la chandarua, na mimi nikaenda hospitalini nikaiba shuka. Lilikuwa na mhuri wa hospitali pembeni kwa wino wa buluu. Tukaligeuza ili mhuri uingie ndani, usionekane, na mimi ndiye niliyeishika pembe ile. Mumewe hakuruhusiwa kuja kuzika.

Alitoka baada ya wiki saba. Kesi haikuwepo, wala jora halikurudi. Nasikia swali lake la kwanza lilikuwa, "Alivishwa nini?" na hakuna aliyethubutu kumjibu, mpaka mama mmoja mzee akamwambia. Alifunga mlango siku tatu. Siku ya nne alimtuma jirani aniite.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kupigwa, kutukanwa, kutolewa nje. Nilitaka hata iwe hivyo. Alikuwa nyuma ya kaunta, amekonda, kofia imemzidi kichwa. Nikampa pole. Akaniuliza, "Usaili lini?" Nikasema baada ya wiki tano. Akasema, "Utakuja asubuhi kabla ya kazi na alasiri baada ya kazi. Toka. Ingia tena."

Nilifundishwa wiki zile kama sijawahi kufundishwa. Hakukuwa na dama, hakukuwa na chai, na nyuma ya pazia palikuwa kimya nilipokosea. Alinisahihisha yeye mwenyewe, mara kumi, mara ishirini, bila kupandisha sauti, na hilo la kutopandisha sauti ndilo lililonitisha. Kila siku nilikwenda na maneno ya kuungama mdomoni, na kila siku niliyarudisha nyumbani. Nilijiambia hajui. Nilijiambia amenichagua mimi kwa kuwa hana mtoto wa karibu. Usiku nilimwona mtu mwema kupita kiasi, nikalia, na asubuhi nikaenda kusoma.

Mhandisi alipokuja alikuwa kijana mrefu anayetoka jasho. Akaniuliza kuhusu kazi yangu, na mimi maneno ya kazi yangu sikuwa nayo hata moja. Basi nikamfanya mteja. Nikamsalimu nikimtazama usoni, nikamuuliza anahitaji nini. Akashangaa, akasema labda maji ya kunywa. Nikamwambia kwa Kijerumani cha kabla ya vita kwamba maji yapo, na glasi safi ipo, je, kitu kingine? Akacheka, akaagiza biskuti. Nikasikitika kwamba hatuna. Tukaenda hivyo robo saa, mpaka akawa ameagiza siki na vifungo. Aliandika kwenye karatasi yake kwamba ninaweza kuzungumza. Zakaria hakufika kwenye usaili, maana hakuwa na barua. Baadaye aliacha kazi akarudi Maramba.

Nilisoma miaka miwili, nikarudi, nikapangwa hospitali ile ile. Nchi ilikuwa imefunguliwa. Sabuni zilikuwa za rangi zote, mitumba imetandazwa kila kona, na vitambaa vinaning'inia barabarani mpaka unavisukuma kwa kichwa upite. Mama alikuwa amehamia Makorora, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kupita barabara ya kumi na moja, na kwa miaka minne sikupita. Nilizunguka. Kisha nikasikia kwamba Mwenye Duka ameuza duka na wiki ile anahamia Mombasa kwa binti yake. Nikaomba ruhusa kazini mchana, nikaenda kabla sijapata muda wa kujikataza.

Duka lilikuwa limejaa bidhaa na watu. Alikuwa anafunga mchele kwenye karatasi, vidole vinatetemeka lakini kona za karatasi zimenyooka. Nikangoja zamu yangu kama wengine, mpaka nikafika kaunta.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Akainua miwani. "Ah. Umerudi."

"Nimerudi siku nyingi."

"Najua. Nikupe nini?"

"Sijaja kununua. Nimekuja kusema." Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja na kikapu, na sikujali tena. "Ni mimi niliyemwambia Mama Balozi habari ya sanduku. Kwa ajili ya barua. Ni mimi, Babu, si Zakaria. Naomba unisamehe."

Hakuacha kufunga ule mchele. Alikunja kona moja, akakunja ya pili.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu walipoingia. Hawakupekua. Na nilipotoka rumande nilisikia nani amepata barua na nani amekosa."

"Basi kwa nini uliniita?" Sauti yangu ilipanda, watu wakageuka. "Ulijua, na Bi Mkubwa ameshakufa, na ukanifundisha asubuhi na jioni wiki tano nzima. Kwa nini, Babu? Mimi nilidhani wewe ni mtu mwema!"

Akaweka mchele chini. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, na bila miwani macho yake yalikuwa madogo na mekundu.

"Nilitaka uende," akasema. "Ungekosa ile nafasi, ungebaki mtaani hapa. Ningekuona kila siku unapita mlangoni pangu kwenda kazini, na kila siku unarudi. Nisingeweza, binti. Nikaona afadhali nikufundishe, ufaulu, uondoke."

Akavaa miwani yake, akanipita kwa macho, akamtazama yule mama aliyekuwa nyuma yangu.

"Karibu, mama," akamwambia. "Nikupe nini?"

Nikasogea pembeni, mama yule akachukua nafasi yangu.